Hodi Tano za Osundwa Andati

Karatasi ilitoka kila asubuhi saa moja na dakika tano, na kwa miezi kumi na mmoja haikuwahi kuleta habari mbaya. Jambo hilo peke yake lingetosha kumtia mtu mzima wasiwasi. Ulikuwa mwaka 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimebeba madaraja, barabara ya Mumias ilikuwa na mashimo makubwa ambayo mengine watu walishayapa majina, na stima ilikuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Hata hivyo karatasi ya Osundwa Andati ilisema kwamba ofisi zote tano za Umoja wa Wakulima wa Miwa wa Lusumu zilikuwa zinasikilizana bila kasoro, kila siku aliyoiumba Mungu. Watu waliiamini. Ilikuwa imepigwa chapa.

Andati alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mwenye koti moja la kijivu na kalamu mbili mfukoni, ya pili ikiwa ya kuwaazima wasio na kalamu. Alizaliwa Shibuli, akasoma hadi pale karo ilipomruhusu, kisha akakaa miaka ishirini na mitatu mbele ya ubao wa simu mjini Kakamega, visikizio masikioni, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, akiwaunganisha mabwana shamba na wake zao na mapadri na maaskofu wao. Alijua sauti kuliko nyuso. Ukikutana naye sokoni angekupita. Ukikohoa, angegeuka na kukuita kwa jina.

Enzi hizo, kabla ya wateja kuamka, ofisi ya simu iliita zamu: Butere, uko? Mumias, uko? Matungu, uko? Aliyejibu aliandikiwa alama. Asiyejibu aliandikiwa barua. Na kwa kuwa watu wa zamu walikuwa na mito ya kuvuka, matanga ya kuhudhuria na watoto wenye homa, palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa na yeyote: jirani alijibu. Matungu akichelewa, Mumias alisema, "Matungu yuko, ameinama tu kuokota kalamu." Mwaka mmoja mtu wa Matungu aliinama siku tisa mfululizo, alikuwa anamzika baba mkwe. Andati aliandika alama siku zote tisa. Jibu lilikuwa jibu, na kuuliza limetoka kinywani mwa nani kulikuwa kukosa adabu.

Kisha ikaja mashine ya kujiunganishia simu yenyewe, na waliokuwa wakiunganisha wakapewa saa za ukutani na kuagwa. Andati alikaa nyumbani miezi minne akiwasikiliza kuku. Mkewe, Maximilla, mwalimu wa chekechea ambaye aliongea na watu wazima kwa subira ile ile aliyotumia darasani, alimwambia, "Baba Bravin, hawa kuku wanasikilizana bila wewe. Tafuta kazi." Akaipata Umoja, ya kupokea simu.

Mwezi wa nne 1997 zikaja ruta. Ruta, kama hukuwahi kuiona, ni kisanduku kisichozidi Biblia ya kanisani, chenye vitaa vya kijani, kinachopokea ujumbe wa kompyuta na kuusukuma kwa waya wa simu hadi kisanduku cha ofisi inayofuata. Kakamega ilikuwa na waya wake hadi Malava, mwingine hadi Butere, mwingine hadi Mumias. Matungu, iliyo mbali zaidi upande wa machweo, haikuwa na waya wa moja kwa moja. Ujumbe wake ulifika Mumias, na Mumias ndiyo iliyousogeza mbele. Mtaalamu aliyekuja kuzifunga alitoka Nairobi, akakaa wiki mbili, akala ingokho, kuku wa kienyeji, wa kutosha kumaliza boma zima, akaondoka akiacha kitabu cha kurasa mia nne na nambari ya simu isiyoshika.

Andati alikisoma kile kitabu miezi miwili, kamusi upande huu, chai upande ule. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea likizo na cha kutuma rambirambi; hiki kilikuwa kingine. Lakini alikipata. Kitabu kilifundisha amri fupi ya kubisha: kompyuta hutuma neno dogo kwa ruta ya mbali, kisha hungoja; ruta iliyo hai hulirudisha. Kuiandika amri hiyo kwa mkono mara tano kila asubuhi kulimchosha, basi akatunga skripti, yaani faili la amri zinazofuatana zenyewe bila kusukumwa, mistari thelathini na mmoja, akaliita HODI. Saa moja kamili HODI lilibisha kwenye ruta tano, ya Kakamega yenyewe ikiwa ya kwanza, likasoma kilichorudi, na ndani yake likatafuta neno moja tu: jibu. Likilikuta, liliandika HAI. Lisipolikuta, liliandika KIMYA. Kisha lilichapa karatasi, na Andati akaweka saini yenye mkia mrefu.

Meneja, Bwana Chrispinus Barasa, aliipenda karatasi hiyo kama watu wengine wanavyozipenda picha zao wenyewe. Wafadhili walipokuja aliwaonyesha karatasi kwanza, miwa baadaye. Andati akapewa meza, ufunguo na cheo: Afisa wa Mtandao. Alipokwenda Shibuli kwa matanga watu walimuuliza mtandao ni nini, naye akaeleza, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima ile wanayopewa watu wanaofanya kazi zisizoonekana.

Ndipo mwezi wa tano ukafika, na Matungu hapakukatwa muwa hata mmoja kwa siku ishirini na mbili.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila alasiri Kakamega ilituma amri za kukata: shamba la fulani, ekari kadhaa, kesho. Karani wa kituo alizipokea kwenye kompyuta, akazichapa, akampelekea mnyapara wa wakataji. Bila amri, hakuna panga linaloinuliwa wala trekta linalowashwa. Muwa nao haujui utaratibu. Ukipitisha wakati wake unachanua, unakauka, unabaki kuni zenye kumbukumbu ya sukari. Wakulima wa Matungu walikuja na lori zima la kuni za namna hiyo, wakazimwaga mbele ya mlango wa Bwana Barasa. Akatoka, akazitazama, akarudi ndani, akaitisha karatasi.

Karatasi zilikuwa ishirini na mbili, na kila moja ilisema: MATUNGU – HAI. Laini ilikuwa nzima. Basi amri zilifika. Amri zilifika, basi karani alizikalia. Hesabu ilikuwa safi, na wakulima walipoelezwa walihamisha hasira yao kutoka kwa meneja hadi kwa karani, jambo lililompunguzia meneja kazi. Karani huyo aliitwa Zeituni Mahmoud, mwenye miaka kumi katika kituo kile bila doa. Alikuwa amesema tangu siku ya tatu kwamba hakuna kinachoingia. Aliandika barua tatu, akazituma kwa makondakta. Zilifika, zikatiwa ndani ya faili lililoandikwa "Visingizio vya Vituo". Alipanda baiskeli hadi Mumias kupiga simu, na Bwana Barasa akamhakikishia kwamba laini yake ni nzuri sana. Alikuwa ameishika karatasi mkononi. Sasa kamati ingekaa Alhamisi kumfuta kazi, na shahidi alikuwa mmoja: Osundwa Andati, pamoja na karatasi zake.

Jumanne asubuhi Zeituni akaingia ofisini kwa Andati, leso kichwani, viatu vyake vya plastiki vikiwa na matope ya wilaya mbili.

"Asalam aleikum."

"Mulembe, mwanangu. Karibu kiti."

"Sitakaa, mzee. Nimekuja kuuliza tu. Ni wewe unaandikanga hii HAI?"

"Ni mashine inaandikanga. Mimi naweka saini."

"Basi mashine yako imenisikia wapi?"

Andati alivua miwani. Hakupenda kuwaumiza watu, na aliamini kwamba kuvua miwani kunasaidia. "Zeituni, ruta yako ilijibu. Siku ishirini na mbili, kila asubuhi. Ingekuwa imekufa haingejibu. Umeona wapi maiti akiitikia hodi?"

"Kwetu nguzo tatu za simu zimelala kwa matope tangu ile mvua ya Jumapili ya mwanzo wa mwezi. Ng'ombe wanajikunanga hapo. Niliandika."

"Barua sikuiona."

"Najua hukuiona. Wewe unaonanga karatasi tu." Alisema bila kelele, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mzee, baba yangu yuko na ekari tatu kwa hiyo bloku. Miwa yake imechanua mpaka ndege wanajenga ndani. Mimi nikalie amri ya kukata miwa ya baba yangu? Ndio nipate nini? Maua?"

Andati akaivaa tena miwani. Jambo hilo halikuwa limempitia akilini. Halikuwa limempitia mtu yeyote akilini pale Kakamega, ijapokuwa jina la mzee Mahmoud lilikuwa kwenye orodha ya mashamba, mstari wa sita, mahali pasipohitaji miwani.

"Hii kitu haidanganyi," akasema, lakini sasa alikuwa anaiambia kompyuta. "Ngoja nikuonyeshe."

"Nionyeshe. Lakini usibishe kwangu. Bisha mahali hapana mtu. Tuone kama itaandika KIMYA. Hiyo neno imewahi kuandikwa kweli?"

Halikuwahi. Andati akaketi, akaongeza mstari mmoja ndani ya HODI. Alihitaji mahali ambapo hapakuwa na ruta, hapangekuwa nayo, na pasingeweza kujibu kwa bahati mbaya, akachagua kwao Shibuli, ambako kitu pekee chenye mwanga wa kijani kilikuwa macho ya paka. Akapatungia nambari ya uongo inayofuata ile ya Matungu. Akabonyeza. Mashine ya kuchapa ikakwaruza, ikakwaruza, ikatema karatasi.

Kakamega, HAI. Malava, HAI. Butere, HAI. Mumias, HAI. Matungu, HAI. Shibuli, HAI.

Zeituni aliisoma mara mbili. "Kumbe kwenu kuna kompyuta, mzee?"

"Kwetu kuna koroboi," akasema Andati.

Akaliacha HODI, akaiandika ile amri ya kubisha kwa mkono, kama alivyofanya mwanzoni kabisa kabla hajawa na akili ya kutosha kuikwepa, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na mmoja akaisoma sentensi nzima iliyorudi. Mashine ilisema kwa Kiingereza chake kikavu: jibu kutoka Mumias, mahali unapopataka hapafikiki. Akabisha Matungu. Jibu kutoka Mumias, mahali unapopataka hapafikiki. Mara nne, pole pole, bila hasira, kama ilivyokuwa imesema kila asubuhi.

Mumias ilikuwa inamjibia jirani. Tena, tofauti na watu wote waliowahi kukaa kwenye zamu ya Mumias, ilikuwa inasema kweli: huyo unayemwita hayuko. Lakini HODI lilifunzwa kusikia neno la kwanza na kuondoka, kwa sababu mwenye kulifunza alilelewa na watu ambao, wakifungua kinywa kumjibia mwenzao, hawajawahi kusema chochote isipokuwa yuko. Na zile amri za kukata zilifika Mumias, zikawekwa kungoja njia ifunguke ndani ya kisanduku ambacho hakuna mtu pale aliyejua kukichungulia, na zikangoja kwa adabu kubwa, siku ishirini na mbili.

"Mzee?" akaita Zeituni. "Imesema nini?"

Akamweleza. Hakuacha kitu. Alipomaliza, Zeituni aliikunja karatasi ya Shibuli, akataka kuitia mkobani, kisha akairudisha mezani.

"Nikiibeba mimi watasema nimeichapisha Mumias kwa duka. Ibaki kwako. Alhamisi utaisoma?"

Andati alisema atazungumza na meneja kwanza. Ndivyo inavyofanywa. Zeituni alimtazama muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika, akaaga, akaenda.

Bwana Barasa alimpokea Jumatano saa nne, akamsikiliza hadi mwisho huku akitafuna njugu moja moja, akaikagua ile karatasi ya Shibuli mbele na nyuma.

"Mzee wangu. Nani mwingine ameona hii?"

"Zeituni."

"Huyo ni mshtakiwa, hahesabiki. Mwingine?"

"Hakuna."

"Basi hakuna shida. Kesho utasoma zile ishirini na mbili vile ziko. Ijumaa utarekebisha mashine yako pole pole, tuendelee."

"Na Zeituni?"

"Atapata kazi. Watu wa Mumias na Matungu biashara iko kwa damu."

"Bwana Barasa, ni miaka kumi."

"Na wewe umebakisha mitatu ustaafu. Tunahesabu miaka ya nani?" Akaweka njugu chini. Sauti yake ikapoa, na hapo ndipo Andati, mjuzi wa sauti, alipoogopa. "Nikukumbushe kitu. Mwezi wa kumi na moja, Butere. Yule Teresa aliyesema laini ilikufa wiki nzima. Tulimfuta kwa nini? Kwa karatasi. Hakuna aliyekula rushwa hapo, hakuna aliyemchukia. Karatasi ilisema HAI. Sasa ukisimama kesho useme karatasi ni ya uongo, wataanza wapi na wataishia wapi? Mimi sijawahi kuweka saini kwa hizo karatasi. Zina saini ya nani?"

Andati alijua saini ilikuwa ya nani. Alichokuwa amesahau, au alichokuwa amekiweka mahali pa kusahaulia, ni Teresa: mama mnene, mchangamfu, aliyepiga simu kutoka posta ya Butere akicheka, akisema, "Wewe Andati, hii kitu yako imekufa, njoo uifanyie maombi," naye akamjibu kwa upole kwamba karatasi yake haionyeshi hivyo. Alikuwa amemjibu kwa upole. Alilikumbuka hilo vizuri.

Jioni hiyo obusuma, ugali wa kwao, ulipoa mbele yake. Maximilla alikula wake wote, akanawa, akamngoja aseme. Aliposema, mkewe hakushtuka; watoto wa miaka minne walikuwa wamemwonyesha karibu kila aina ya kosa.

"Asubuhi nikiita majina," akasema, "Anwar anasemanga, 'Mimi niko na Hamida pia yuko.' Ni mtoto mzuri, anampenda Hamida. Lakini mimi naangalianga kiti cha Hamida."

"Mimi sikuwa na viti vya kuangalia, Mama Bravin. Ni maili thelathini."

"Ndio nasema. Ulikuwa unaita majina ukiwa umefunga macho." Akaondoa sahani. "Hiyo miaka mitatu tutaishi na nini, kama ukisema?"

"Sijui."

"Na ukinyamaza tutaishi na nini?"

Andati akaanza kukusanya vikombe. Maximilla hakulirudia swali; alikuwa mwalimu mzuri.

Alhamisi kamati iliketi saa tatu katika chumba cha mikutano, wajumbe saba, wote wakulima, wote wamevaa makoti ya mazishi. Selpher, katibu muhtasi, alikaa pembeni na daftari la kumbukumbu. Zeituni aliwekwa kwenye kiti kilicho peke yake karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Mwenyekiti alifungua kwa sala, akaomba haki na mvua ya kiasi, kisha Bwana Barasa akamwita Afisa wa Mtandao asome.

Andati akasoma. Tarehe, Matungu, HAI. Tarehe, Matungu, HAI. Ilichukua dakika sita, na kufikia karatasi ya kumi wajumbe wawili walikuwa wanasinzia na mmoja alikuwa anamtazama Zeituni kwa jicho ambalo hungependa limtazame mtoto wako. Alipofika ya ishirini na mbili hakuketi.

"Mwenyekiti, nimezisoma kama nilivyoagizwa. Sasa naomba kamati inifuate chumbani kwangu. Ni hatua kumi."

"Hiyo haiko kwa ajenda," akasema Bwana Barasa.

"Ni hatua kumi tu," akasema mwenyekiti, ambaye miguu yake ilikuwa inakufa ganzi, akainuka.

Wakajazana nyuma ya kiti cha Andati wakinuka sabuni na tumbaku. Aliwaomba wataje mahali popote ambapo Umoja hauna ofisi. Walisita, wakidhani ni mtego, mpaka mmoja akasema Malaba, kule mpakani. Mwingine, aliyekuwa na mwana jeshini, akasema Lokichoggio. Wa tatu, mzee wa kanisa mwenye uso usiojulikana kama unatania, akasema, "Mbinguni."

Andati alizipa sehemu zote tatu nambari za uongo, akabonyeza. Karatasi ikatoka. Malaba, HAI. Lokichoggio, HAI. Mbinguni, HAI.

Mzee wa kanisa alivua kofia.

"Sasa hii," akauliza mwenyekiti kwa tahadhari, "ni habari njema ama ni mbaya?"

"Ni mbaya, mwenyekiti. Hii mashine nikiibishia popote inaandika HAI. Hata nyaya zote zikikatwa leo, hii ruta ya hapa Kakamega itajibu yenyewe kwamba hakuna njia, na karatasi itasema HAI. Zeituni hakupokea kitu. Alisema hakupokea, na alikuwa anasema kweli."

"Waheshimiwa," akaingilia Bwana Barasa, "mashine zote zina hitilafu ndogo ndogo—"

"Mashine haina hitilafu," akasema Andati. Hakuwa na kawaida ya kumkatiza mtu na sauti yake ilimshangaza. "Mashine ilisema kweli siku ishirini na mbili. Inasema, 'Nakujibu, lakini huyo unayemtaka simfikii.' Mimi ndiye niliyeifunza kusikia mwanzo tu. Mimi ndiye nilikuwa nakata maneno. Na saini ni yangu."

Mjumbe aliyekuwa akimtazama Zeituni kwa jicho baya alianza kucheka, akaacha. "Kwa hivyo miwa yangu ilikaushwa na wewe, mzee?"

"Ndiyo."

"Na umesimama hapo unaniambia."

"Ndiyo."

"Haya," akasema yule mjumbe, na hakuna aliyejua amemaanisha nini; pengine hata yeye.

Walirudi mezani. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko kosa. Wengine walitaka kujua kama sasa kompyuta zirudishwe zilikotoka, na mmoja aliuliza mara mbili kama ile ya mbinguni inaweza kuchapwa nyingine aende nayo. Hatimaye ikaamuliwa kwamba Zeituni Mahmoud arudi kituoni, bila neno la kuombwa radhi kwa kuwa hakuna aliyejua ni nani aombe. Kwamba amri za Matungu zipelekwe kwa mkono hadi nguzo zisimame. Kwamba Andati avuliwe cheo, apewe barua ya onyo la mwisho, arudi mezani kwa simu, mbele ya mlango.

"Na Teresa wa Butere?" akauliza Andati. Alikuwa bado amesimama.

Bwana Barasa aliitazama dari. Mwenyekiti aliutazama mlango. "Huyo," akasema, "hayuko kwa ajenda."

Selpher aliinua kalamu. "Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Akaandika hivyo.

Nje, barazani, Zeituni alikuwa anafunga viatu. Alikuwa na haraka: lazima awapate wakataji kabla hawajatawanyika, kisha amfikie baba yake kabla hajasikia habari vibaya kutoka kwa watu wa sokoni. Andati alisimama karibu naye, asijue mikono aiweke wapi.

"Mzee, nikuulize kitu. Hiyo simu ya mezani kwako inafanyanga kazi?"

"Inafanya."

"Ile siku nilituma barua ya kwanza, ilikuwa inafanya?"

"Ilikuwa."

"Ungeiinua tu ukapiga Matungu. Mara moja. Ungesikia vile imekufa na masikio yako." Hakuonekana kutaka kumshinda, alionekana kutaka kujua. "Wewe watu wanasemanga ulikuwa unajua kila mtu kwa sauti. Yangu hukuitafuta, kwa nini?"

Andati alifikiria majibu kadhaa, na yote yalikuwa na maneno mengi. "Nilikuwa na karatasi," akasema.

Zeituni aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mgonjwa anayekueleza ndoto. "Haya. Salimia Mama Bravin." Akashuka ngazi, akakimbia kidogo kuliwahi gari, mkono mmoja juu ya leso.

Andati aliingia ndani. Meza ya simu ilikuwa ile ile aliyoiacha mwaka mmoja nyuma, isipokuwa mtu alikuwa amechora maua kwenye kioo. Akalifuta vumbi kwa mkono wa koti, akaketi, akavuta simu karibu, akaikumbuka nambari ya Butere bila kuitafuta. Iliita mara tano.

"Hallo, Umoja Butere." Ilikuwa sauti ngeni, ya mwanamke, yenye mafua.

"Habari ya kazi. Ninamtafuta Teresa."

"Teresa hayuko. Alitokanga mwaka jana."

"Najua hayuko," akasema Andati. "Nauliza yuko wapi."

"Kwani wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye nilitia saini."

Kule Butere palisikika kiti kikivutwa, na nyayo, na watu wakiongea kwa mbali kuhusu trekta.

"Ngoja kwanza," sauti ikasema, chini chini sasa. "Nifunge mlango."